Mukono wa Mama Mbele ya Kasiksi

Mimi nilishaka pindua ng'ombe dume na mukono moja, Masisi yote inajua. Lakini nguvu ya kweli niliiona juzi ku soko ya Kitshanga.

Papa moja, mulevi wa zamani mwenye alishaacha pombe, alikuwa anapita mbele ya nyumba ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, ameshikana mukono na bibi yake wa ndoa. Huku kwetu mwanaume hashikake bibi mukono mu njia. Ule mama alikuwa na bidon ya maziwa ya kuuzisha ku kichwa. Ile kasiksi ilikuwa inanukia mupaka milima ikalewa. Bamotari, bale ba pikipiki za kubeba batu, bakacheka:

— Papa, uko mutoto? Bibi njo anakufundisha kutembea?

Papa akajibu, jasho inamutoka:

— Njo vile. Petro alianza kuzama, Yesu akamushika mukono. Na mimi ninazama hapa hapa.

Paap! Bidon ikateleza. Mama akataka kuachilia ule mukono ili aikamate. Papa akaukaza:

— Mama, usiniachilie. Hapa, hapana.

Mama akaacha bidon ianguke. Maziwa ikatiririka, karibu ibebe pikipiki. Papa akaanza kuomba pardon, lakini mama akamukatiza:

— Maziwa, nitakama ingine kesho. Lakini bwana yangu, nitamukama ku ng'ombe gani?

Bakapita.

Wasomaji, mahubiri nilishasikia mingi kuliko mapasta yote ya Walikale. Lakini sijaonaka muhubiri mwenye alimwanga bidon nzima ili aokoe kondoo moja.