Sahani za Kijapani Kule Berea

Juzi, rafiki yangu, niliingia duka moja Midrand nikakuta sahani za Kijapani zimepangwa: udongo mzito uliochomwa ukawa kama jiwe, na rangi ya kung'aa ikiteremka ukingoni kama uji uliofurika. Niligusa moja, nikakumbuka Berea.

Nilikuwa bado shule ya msingi. Tulipanga chumba Berea, mimi, mama na bibi, watu wa Bukavu, wageni katika nchi ile. Mama alikuwa akifanya usafi kwa mama mmoja Mjapani, ambaye aliporudi kwao alimwachia vyombo vyake. Bibi alivipenda kuliko vitenge vyake. Alisema sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, ikikaa humo haipoi upesi.

Jumamosi moja mchana, mama akiwa kazini, tulisikia filimbi, nyimbo, na vioo vya maduka ya wageni vikivunjwa barabarani. Bibi alikuwa anapakua. Jirani wa chini, bibi kizee wa Kizulu tuliyemwita gogo kama wanavyoita wao bibi, akapanda akihema. Nikamtafsiria bibi: "Anasema tushuke kwake, na chakula tubebe."

Gogo alituketisha mezani pake, kila mmoja na sahani yake. Akamwonyesha bibi kwa mkono: jaza mdomo, usimeze.

Wakaingia wanaume wenye virungu.

"Hawa ni nani?"

"Dada yangu na mjukuu wake."

Mmoja akamgeukia bibi, akamsalimia kwa Kizulu. Shavu la bibi lilikuwa limevimba kwa bugali. Nikajibu mimi, kwa Kizulu nilichojifunza shuleni, nikimwita mjomba: "Malume, koo linamuuma."

Alinitazama. Kisha akanyanyua sahani yangu, akaipima mkononi. "Hii si ya hapa."

Nilihisi mkojo ukinishuka miguuni.

"Madam wangu alinipa," gogo akasema, bila kupepesa jicho. "Irudishe, mtoto anakula."

Akairudisha. Wakatoka, tukawasikia wakigonga mlango wa pili.

Mama alifika jioni, viatu mkononi. Haukupita muda mrefu tukahamia mtaa wa Turffontein, na bibi akamwachia gogo vyombo vyote. Leo gogo hayupo, wala bibi.

Kule Berea, bibi alizoea kuniita kutoka juu, Kiswahili chake kikijaa ngazi nzima: "Weye, njoo ule!" Watoto wa jengo lote waliuiga mwito ule. Turffontein hakuniita hata siku moja. Chakula kikiiva, alikuja mpaka nilipo, akanigusa bega.