Dada Taratibu apandisha sauti

Saa tatu asubuhi, mwimbaji anavua viatu, anavipanga vizuri mlangoni na kusogea mbele ya kipaza sauti. Hotelini anakofanya kazi viatu vya visigino virefu ni lazima. Hapa studio hakuna meneja.

Leo anarekodi wimbo wa kumi, wa mwisho katika albamu yake ya kwanza. Ana miaka arobaini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimba kwenye mkahawa wa hoteli, watu wakila. Wahudumu wanamwita Dada Taratibu, na jina limemganda.

Nyimbo zote kumi zimetungwa na wengine. Ni vibao vya vijana wa siku hizi, vile vinavyotikisa vioo vya magari. Yeye huvipunguza kasi na kubakiza gitaa na kinanda, mpaka maneno yasikike.

"Vijana hawa wanaandika vizuri, jamani," anasema. "Tatizo lao haraka. Kuna wimbo umechezwa harusini mwaka mzima, kumbe ni wa mtu anayelia."

Wimbo huo ndio wa kumi, na umegoma. Kila akifika mstari wa nne, pale sauti inapotakiwa kupanda, inashuka. Fundi wa sauti amebadilisha waya mara mbili na kipaza sauti mara moja, wapi! Studio imekodiwa hadi saa sita mchana, na mishahara ya mwimbaji ya miezi minne imeishia humu. Wimbo usipokamilika leo, albamu itatoka bila wimbo uliompa wazo la kuianza.

Anayegundua kosa ni binti yake wa miaka kumi na saba, aliyemchagulia nyimbo zote. Amekaa upande wa pili wa kioo, pembeni ya fundi, ambaye ana mdomo usiotulia: wimbo ukichangamka tu, anamgeukia binti kumwambia jambo.

"Mama, si waya," binti anasema. "Ukimwona fundi anageuka kuongea, unampisha."

Mwimbaji anacheka mpaka anashika ukuta. Ni kweli kabisa. Hotelini, mteja akimwinamia mwenzake, yeye hushusha sauti ili wasikilizane. Hakuna aliyemfundisha, na tabia hiyo ndiyo iliyomweka kazini miaka yote hiyo huku waimbaji wengine wakija na kuondoka.

"Nimesifiwa sana kwa kutosumbua watu," anasema, na kicheko kinakatika. "Sikujua nimeibeba tabia hiyo mpaka huku. Inauma kidogo."

Fundi anaomba radhi na kupendekeza wafunike kioo kwa shuka. Dada Taratibu anakataa katakata. Anamwita binti yake aingie ndani, akae sakafuni mbele yake, amtazame usoni na asiseme neno.

Mara ya kwanza maneno yanampotea kwa aibu, maana hajazoea kutazamwa. Mara ya pili anafika mstari wa nne. Nyuma ya kioo, fundi anageuka kama kawaida yake, anakuta kiti kitupu. Mwimbaji anamwona vizuri, na bado sauti inapanda.

Binti, ambaye humkosoa mama yake kuanzia nywele hadi mkoba, anafuta macho kwa kiganja na kusema hapo sawa.

Mwezi ujao albamu itazinduliwa kwenye ukumbi wa shule. Mwimbaji ameagiza viti mia mbili, vyote vitazame mbele, na meza hata moja isiwepo. Lakini saa saba mchana huu anatakiwa hotelini, kwa hiyo anarudi mlangoni kuvaa viatu. Anasema wimbo wa kumi ataanza kuuimba leoleo, supu ikiwa mezani.

Na mstari wa nne je?

"Nitapanda nao," anasema, akifunga mkanda wa kiatu. "Anayetaka kuongea atanisubiri. Mstari wenyewe ni mfupi."