Banataka niseme miye njo muloji juu ya mapele ya mujukulu wangu

Mama moya wa hapa Lubumbashi anatutumia hii. Jina yake tunaificha. Mumusome na roho.

Bana bangu, miye sikusoma, mujirani ananiandikia ku telefone, miye ninasema paka tu. Niko kizee, mama yangu alisema nilizaliwa mwaka ya njala, sasa muhesabu mweye. Niko mujane. Ninaikala ku Naviundu, nilikuwa ninauzisha finkubala, bale badudu ba majani ba kukausha, banatokaka ku Mokambo mu magunia. Bwana yangu, Mungu amurehemu, hakupendaka harufu yake, alikuwa anasema nyumba inanuka pori, lakini sahani yake ilikuwa inarudia mweupe! Haya, nisipotee.

Mutoto wangu mwanaume ana muke na binti moya, mudogo. Ule mujukulu njo roho yangu. Tangu anatambaa, nikimubeba tu, mwili inatoka mapele makubwa, mekundu, anajikuna mupaka damu, macho inavimba inafungika. Akirudia kwabo, iko muzuri. Akikuya kwangu, inaanza tena. Muke-mwana, ule muke wa mutoto wangu, akanipokonya mutoto ku mikono: «Mama, juu ya nini inamukamata paka kwako tu?» Ku bomba ya maji bamama banasema: «Ule kizee na magunia yake, anakulaka bana.» Banacheka. Kicheko ingine iko na meno.

Nikamubeba mutoto ku lopitalo miye mwenyewe. Docteur akaniuliza: maziwa anakunywa? Mayai? Karanga? Samaki? Sabuni gani unamuogeshea? Akasema bana bengi banatokaka mapele juu ya bile bintu. Nikamujibu: bile byote anapataka kwabo, haina neno. Akaangalia vumbi mu kucha zangu. «Mama, unauzisha nini?» Nikamuambia. «Basi njo ile. Mwili yake inakataa finkubala. Hata vumbi ku kikwembe chako inatosha. Asikule hata moya, siku ingine pumuzi itafunga.»

Nikarudia mbio na furaha. Muke-mwana akapiga makofi: «Finkubala! Shiye bote tulikomaa na finkubala, basi bantu bote ba huku bangekufa!» Nikaacha kuuzisha, nikafua bikwembe byote. Akasema: «Ona, anaficha dawa yake ya buloji.» Mutoto wangu, mwenye nilimuzaa, akabeba binti yake, akatoka na muke wake. Ile njo iliniua.

Kwetu mutoto akikosa nguvu banamupikia finkubala. Muke-mwana akapika, akamupatia mutoto, aonyeshe docteur ni muongo. Midomo ikavimba, akatapika, pumuzi ikapiga filimbi. Na miye sikukuwako! Nikazani sasa bataona. Bakasema nilimuloga toka mbali.

Bakamupeleka kwa pasteur, mu chumba ya maombi. Mutoto iko mule hata sasa. Mama moya mwenye kupika kule aliniambia: muchana banamufungisha, hakule kitu, jioni banamupatia bukari, ule ugali wetu, na finkubala, ati apate nguvu ya kushinda shetani; akitapika, banasema ni shetani anatoka. Nilienda kwa chef wa avenue, mukubwa wa njia yetu. Akasema: «Kambo, bibi, mambo ya maombi miye siingie.» Nilienda kwa pasteur, nikapiga magoti. Akanijibu na sauti ya pole: «Mama, ukuye siku ya yenga, siku ya ibada, mbele ya bantu, useme weye njo muloji. Siku ile ile mutoto anarudia ku nyumba.»

Bana bangu, miye sikuloga hata kuku. Lakini nikikubali, anatoka. Mawe yenye bantu ba quartier banatupiaka baloji siogope tena, niko kizee. Naogopa hii: nikisema niko muloji, muke-mwana atasema buloji iliisha, sasa finkubala haina neno, na atamupikia kwa mikono yake, na furaha. Nikikataa, anakaa kule, na kule banamupatia.

Mweye munasoma, benye muko na bana, munionyeshe njia gani nifate. Ya kusema niko muloji ao ya kukataa? Mujibu mbio. Ile sahani inapita kila jioni.