Fomu ya Mrushaji Wetu

Sikuwahi kuomba kuwa katibu wa timu ya besiboli. Mimi ni fundi cherehani. Nina chumba kimoja cha kushonea pale Gisimenti, katikati ya baa mbili zinazoshindana kwa muziki, na kilichoniingiza kwenye mchezo huo ni glavu. Kocha, mwalimu wa michezo aliyekulia Uganda, aliingia siku moja amebeba sanduku la glavu za ngozi walizoachiwa na wageni, nyuzi zote zimekatika, akauliza kama cherehani yangu inaweza kushona ngozi. Nikamwambia cherehani haiwezi ila mimi naweza. Ndivyo nilivyo, mdomo wangu hutangulia na mikono ikafuata kwa taabu.

Nilizishona zote kwa mkono, vidole vikachubuka, na nilipomaliza kocha akaona daftari langu la vipimo vya wateja. Hapo ndipo nilipokwisha. Shule ya msingi niliisomea Karagwe, kwa mwalimu asiyevumilia herufi iliyopinda, kwa hiyo nina mwandiko wa kuwatia watu wivu, na sioni haya kuusifia.

"Mama, wewe iko na mwandiko ya serikali," kocha alisema. "Sisi tunatafuta mtu ya kuandika makaratasi ya timu. Mimi nikiandika, hata mimi mwenyewe siwezi kusoma."

Nikakubali. Namba yangu ya simu ikawa namba ya timu, kwa sababu mimi hupokea simu hata nikiwa na pini mdomoni.

Timu yenyewe ilikuwa ya vijana wa sekondari. Walicheza kwenye uwanja wa shule moja ulioinama upande, mpira ukipigwa vizuri unateremka mpaka bondeni na mchezo unasimama watu wakiutafuta. Mwanzoni nilikaa pembeni na daftari, sielewi kwa nini mtu anakimbia na kwa nini mwingine haruhusiwi kukimbia. Baada ya miezi michache nilikuwa napiga kelele kuliko wazazi. Kulikuwa na mmoja mfupi aliyekimbia mpaka kofia ikabaki nyuma. Kulikuwa na mwingine mnene, mpole, ambaye akishika rungu la kupigia wenzake wote walirudi nyuma hatua tano. Lakini aliyekuwa akitufanya tunyamaze wote ni mrushaji wetu.

Alikuwa na miaka kumi na saba. Alilelewa na nyanya yake kule Batsinda, nyumba ya tatu kutoka kwangu, kwa hiyo nilimjua tangu akiwa anakimbia bila viatu. Mpira wake macho hayakuweza kuufuata, ulikuwa unayaacha nyuma. Ulisikia tu umetua kwenye glavu ya mdakaji, na mdakaji anapunga mkono kwa maumivu. Na aliurusha kwa mkono wa kushoto.

Hapo lazima nieleze, maana ndiko kosa langu lilikozaliwa. Kwetu mtoto wa mashoto ni shughuli. Ukimpa mtu mzima kitu kwa kushoto umemtukana. Mimi mwenyewe nilipigwa kibao na mama yangu kwa kupokea kikombe cha maziwa kwa mkono usiofaa, na hata leo nikipewa kitu ghafla naangalia kwanza mkono gani umenyooka. Nyanya wa kijana wetu, bibi aliyekulia Bujumbura, alimfunga kitambaa kwenye ule mkono kila wakati wa chakula mpaka ukazoea kutulia. Alipofika shule ya msingi alikuwa anakula kwa kulia, anaandika kwa kulia, anasalimia kwa kulia, mtoto wa adabu. Ni kwenye kurusha tu ndiko ule mkono ulikotoroka. Bibi alikuja uwanjani mara moja, akamwona mjukuu wake anavyorusha, akageuza uso na kuanza kuniuliza habari za bei ya maharage.

Basi ikaja habari kwamba timu ya taifa ya vijana inaundwa kwenda kucheza nchi jirani. Kila klabu ilete fomu za vijana wake, wateuzi wazichambue, kisha wawaite wanaowahitaji. Kocha akanipa fomu sita. Nilifuta meza, nikatoa kalamu yangu ya siku kuu, nikaandika majina, umri, urefu, nafasi ya mtu uwanjani. Nikafika kwenye mstari unaouliza mchezaji anarusha kwa mkono gani.

Watano wa kwanza hawakunisumbua. Kwa mrushaji wetu kalamu ilisimama. Nilijua ukweli, nisidanganye kwamba sikuujua. Lakini niliiona ile karatasi ikipita mikononi mwa mabwana wenye tai, wanasoma neno "kushoto", wanatazamana, wanajiuliza huyu amelelewa na nani. Nikamwonea huruma bibi. Nikaandika "kulia", kwa herufi nzuri sana, nikajiona nimemsitiri mtoto wa watu. Kocha akatia sahihi zote sita akiwa amesimama, mguu mmoja uko nje anawahi basi, hakusoma hata moja.

Wiki ya pili simu zikaanza. Wa kwanza kuitwa alikuwa yule mfupi. Nilitoka nje ya chumba changu nikapiga vigelegele hadi baa moja ikapunguza muziki. Siku mbili baadaye akaitwa yule mnene. Tukanywa Fanta, tukamcheka kwamba atahitaji viti viwili ndani ya basi. Mrushaji wetu alicheka kuliko wote. Sote tulijua wa tatu ni yeye, na kwamba walikuwa wanamweka mwisho tu kama watu wanavyomweka bibi harusi.

Simu haikuja. Kila alasiri alipita dukani kwangu akitoka mazoezini, akanisalimia kama mtu anavyomsalimia shangazi yake.

"Mwiriwe, Tantine."

"Mwiriwe neza, mwanangu. Habari za mazoezi?"

"Ni nzuri."

Kisha anasimama mlangoni, anashikashika vitambaa, anasoma lebo za nyuzi kana kwamba kuna mtihani wa nyuzi. Hakuuliza hata siku moja. Nami nilijitia shughuli na cherehani, kisha akiondoka nawashukia wateuzi kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Niliwaambia wateja kwamba wale watu ni vipofu. Niliwaambia wana ndugu zao wanaowapitisha mlango wa nyuma. Mteja mmoja aliyekuja kupunguziwa sketi aliondoka anawachukia na yeye, na besiboli hajawahi kuiona.

Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, kocha aliingia akiwa amekunja uso.

"Mimi sielewi hawa watu," alisema. "Orodha wanafunga Ijumaa. Na kila siku wanalia hawana mrushaji ya kushoto. Moja tu wanatafuta, nchi nzima! Na sisi iko naye hapa."

"Kushoto kuna nini?" nikauliza.

Akaniambia. Akasema wapigaji wamezoea mpira unaotokea upande mmoja, ukitokea upande mwingine wanachanganyikiwa, na kwamba mrushaji wa kushoto mwenye nguvu watu humtafuta kama dawa. "Hiyo mkono yake ni mali, mama. Mimi nimefundisha miaka yote, sijapata ingine."

Nilianza kutafuta mkasi. Niliutafuta chini ya meza, niliutafuta kwenye sanduku la vifungo, na ulikuwa mkononi mwangu. Mwishowe nikapiga moyo konde nikamwambia nilichoandika na kwa nini. Kocha akakaa juu ya gauni la mteja. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitesa.

"Mana yanjye, Mungu wangu," alisema. Kisha akaongeza, "Na mimi nilisaini."

Alitaka tupige simu. Nikakataa. Nilichoharibu kwa mkono wangu sikutaka kukitengeneza kwa simu. Lakini kabla ya kwenda kwa wakubwa kulikuwa na mlango mwingine wa kubisha, na huo niliuogopa zaidi. Nilifunga duka saa kumi na moja, nikapanda basi la Batsinda. Bibi alikuwa barazani anachambua mchele, mjukuu wake anafua sare ya shule. Niliwaeleza yote nikiwa nimesimama. Sikuthubutu kukaa.

Bibi aliweka ungo chini.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Unasema huo mkono wa kushoto unatafutwa?"

"Unatafutwa, bibi."

"Na watu wa serikali?"

"Na watu wa serikali."

"Yesu wangu! Na mimi niliufunga kitambaa!" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, kisha nikaona kwamba sehemu ya machozi yale haikuwa ya kicheko.

Kijana hakucheka. Alikamua shati lake taratibu, akalianika, akalinyoosha kola. Kisha akaja mbele yangu.

"Tantine, siku ile unaandika, mimi nilikuwa hapo mlangoni. Mbona hukuniuliza?"

"Niliona nakusitiri."

"Mimi sioni haya na mkono wangu," alisema. "Iko yangu."

Hakupaza sauti. Laiti angepaza ningejitetea, maana kujitetea nakuweza. Nilisema nisamehe. Aliitikia kwa kichwa kama vijana wanavyoitikia wakubwa, na sikujua kama amenisamehe au ana adabu tu.

Asubuhi ya Alhamisi nilichukua pikipiki mpaka Kiyovu, kwenye ofisi moja ya ghorofa ya pili yenye makabrasha mpaka dirishani. Mteuzi alikuwa bwana mtaratibu wa makamo. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima njiani, ndani ya ile kofia ya abiria, lakini nilipoketi nilisema tu kwamba kuna fomu niliyoidanganya. Aliitafuta kwa muda mrefu. Ilikuwa chini kabisa ya rundo, mwandiko wangu unang'aa. Akaniambia, kwa upole ulionichoma, kwamba waliisifu sana ile fomu kwa usafi wake, ila warushaji wa kulia wanao kupita kiasi, kwa hiyo hawakuhangaika kumwita.

"Kwa nini uliandika hivi, mama?" aliuliza.

Nikamweleza habari ya kitambaa na ya kikombe cha maziwa. Kisha akasema hata yeye alikuwa na dada aliyefungwa kitambaa. Akanisogezea fomu na kalamu. Nikakata lile neno, nikaandika la kweli juu yake, nikatia sahihi pembeni. Ni karatasi pekee niliyoichafua kwa furaha. Akasema, siahidi kitu, mlete leo saa tisa tumwone.

Saa tisa tulikuwa uwanjani, kocha, mimi na bibi, ambaye alikuwa amevaa mshanana, vazi lake la kwenda harusini, kwa ajili ya besiboli. Kijana alirusha labda mipira thelathini. Wa kwanza ulikwenda pembeni kabisa na mimi nikafumba macho. Kisha alitulia. Mpira ulikuwa unaingia, unaingia, unaingia, na mdakaji waliyemleta akaomba dakika mbili za kupuliza mkono wake. Bibi safari hii hakugeuza uso. Alinibana mkono kwa kila mpira mpaka nikabaki na alama. Mteuzi aliandika, akafunga daftari, akatushukuru, akaondoka.

Ijumaa sikushona chochote cha maana. Niliunga mkono wa blauzi kwenye tundu la shingo. Saa sita ikapita. Saa nane ikapita. Saa tisa kijana akaja, akasimama pale pale mlangoni, na kwa mara ya kwanza akauliza.

"Bado, Tantine?"

"Bado."

Alikaa kwenye kiti cha wateja. Nikamkatia mkate, hakuula. Tulisikiliza miziki ya baa mbili kwa pamoja. Niliwaza kwamba akiachwa atakuwa na miaka kumi na minane mwakani, na vijana wa miaka kumi na minane hawaitwi tena na timu ile, na kwamba nitakutana naye kila asubuhi Batsinda mpaka nizeeke.

Saa kumi kasoro robo simu ikalia. Namba ya Kiyovu. Niliitika, na yule bwana akasema bila kuzunguka, "Tunamchukua kijana wenu." Nilisikia kitu kikishuka kutoka mabegani mwangu, kitu nilichokuwa nimekibeba tangu Jumatano. Nilimtazama kijana, nikatikisa kichwa ndiyo, ndiyo, na yeye akafunika uso kwa viganja vyote viwili.

Bwana yule aliendelea. Walikuwa wanaagiza sare jioni ile ile. Kijana anavaa saizi gani?

Mimi ni fundi. Watu wanaingia dukani kwangu na kabla hawajasalimia nishajua kifua chao. Jibu lilikuwa ulimini, nimeshalifungulia mdomo.

"Subiri kidogo," nikasema. "Yuko hapa, mwulize mwenyewe."

Nikampa simu. Akafuta uso, akaipokea, akaitikia "yego", ndiyo, mara tatu, kisha akataja saizi moja juu ya ile niliyotaka kuisema mimi. Nikageuka nikamtazama mabega. Kweli, alikuwa amekua.