Visigino vya Asya

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa baibui jipya na kandambili, na Fundi Mkuu alinitazama miguuni kabla hajanitazama usoni.

"Bi Mwanakombo," alisema, "hapa tunatengeneza viatu vya askari. Kesho njoo umevaa viatu vya kufunika vidole. Nyundo ikikuangukia utajua kwa nini nimekwambia."

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nshaolewa. Karakana ile ya serikali ilikuwa upande wa Malindi hapa Mji Mkongwe, karibu na bandari, nyumba ndefu ya mawe iliyojaa harufu ya ngozi, gundi na nta. Nawaeleza vijana habari hizi kwa sababu siku hizi viatu vinaingia nchini vishatengenezwa, na wengi wenu hamjapata kumuona mtu akianza na ngozi tupu asubuhi na jioni akakupa kiatu cha kuvaa.

Kazi ilikwenda kwa mikono mingi. Wakataji walikata ngozi vipande. Sisi wanawake tulishona uso wa kiatu, yaani sehemu yote ya juu inayofunika mguu. Kisha wanaume waliuvuta uso ule juu ya kalibu, ambayo ni umbo la mti lenye sura ya mguu wa mtu, wakapigilia soli. Palipokuwa pagumu kwa cherehani tulitoboa kwa msharasi, chuma chembamba chenye ncha, tukapitisha uzi kwa mkono. Msimamizi wa Ushonaji alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, asiyejua kugomba. Akiona mshono umepinda husema neno moja tu: "Fumua." Mwaka wangu wa kwanza nilifumua zaidi ya nilivyoshona.

Nilikaa pale miaka mingi mpaka na mimi nikawa msimamizi. Na ndipo lilipotokea jambo ambalo kwa miaka mingi sikupata kulisema mbele za watu.

Tuliagizwa mabuti ya askari wanawake. Kalibu zetu zote zilikuwa za miguu ya kiume, kwa hiyo tukachukua zile ndogo tukazitumia. Baada ya muda wakaja askari wawili wa kike, wasichana tu, wakavua mabuti mbele ya meza yangu. Nyuma ya visigino ngozi imechubuka, nyama nyekundu iko nje. Mmoja wao akaniambia, "Mama, kiatu kinatosha mbele, nyuma kinapwaya. Tukitembea kinatusaga."

Nilikwenda kwa Meneja wa Karakana. Alikuwa akisaini karatasi na hakuinua kichwa.

"Bi Mwanakombo, askari ni askari. Waambie wavae soksi mbili."

"Sawa, bwana," nikajibu.

Sikusema jengine. Nilirudi nikawaambia wale wasichana wavae soksi mbili, wakanishukuru, wakaenda zao wakichechemea.

Karakana ilipofungwa nilihamishiwa hospitali, kwenye chumba cha kutengeneza viatu vya wagonjwa. Bosi wangu alikuwa Daktari wa Mifupa, mtu mkali lakini mwalimu kwelikweli. Nilipomletea kiatu cha kwanza nikitegemea sifa, hakukishika. "Usinioneshe kiatu," alisema. "Nioneshe mguu wa atakayekivaa." Akanirudisha wodini nikaushike mguu wa mgonjwa, nipapase mfupa mmoja mmoja. Kwake nilitengeneza viatu vya watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda na vya wazee wenye kisukari. Kwake pia nilijua kwamba mguu wa mwanamke, hata ukiwa mpana mbele, kisigino chake mara nyingi ni chembamba. Siku aliyonieleza hayo nilishindwa kula chakula cha mchana. Wale askari wawili sikujua hata pa kuwatafuta.

Nilistaafu nikiwa na miaka sitini, mume wangu keshatangulia mbele ya haki. Nyumbani kwangu Mji Mkongwe nilikaa na mjukuu wangu Asya. Mama yake alifariki Asya akiwa na miaka minne, na baba yake, mwanangu Makame, anaishi Paje, ananunua mwani kwa wakulima na kuuza mjini. Mimi ndiye niliyemlea. Alipomaliza chuo kikuu aliomba jeshi, akachaguliwa kwenda bara kusomea uofisa. Wanafunzi wa namna hiyo huitwa maofisa kadeti. Hufundishwa miezi mingi, na anayefuzu hupewa nyota yake ya kwanza, cheo cha luteni usu.

Makame alikuja mbio kutoka Paje. Alinikuta napanga nguo za Asya sandukuni.

"Mama, mtoto wa kike anakwenda kulala porini, nawe unamfungia sanduku?"

"Nnamfungia."

"Na watu watasemaje?"

"Watasema, kisha watachoka."

"Ningekuwa na mke ndani angenisaidia kumkanya. Sasa nimebaki peke yangu, na wewe uko upande wake." Aliondoka bila ya kunywa chai niliyompikia, wala hakumuaga binti yake. Asya alikuwa chumbani akisikia yote. Nilipoingia nilimkuta amekaa kitandani, mikono mapajani. Akaniuliza, "Bibi, nisende?" Nikamwambia, "Nipe hiyo taulo, sanduku bado halijajaa."

Huko chuoni waliruhusiwa simu Jumapili alasiri tu, kwa muda mfupi. Alinieleza habari za kwata, yaani mazoezi ya gwaride, mpaka nikajua kugeuka kulia na kushoto nikiwa nimekaa barazani. Alinifundisha vyeo. Mimi kwa upande wangu sikumwambia paa linavuja wala presha yangu imepanda. Nilimwambia nani kaolewa, nani kajifungua, na paka wetu kazaa wapi. Kila tukimaliza nilimpigia Makame nikamsimulia neno kwa neno.

"Sijakuuliza, mama," husema.

Lakini simu hakati.

Jumapili ya sita Asya alipiga akilia.

"Bibi, njoo unichukue."

"Umefanywa nini?"

"Sijafanywa kitu. Miguu. Visigino vyote viwili vina vidonda, cha kushoto kinatoa usaha. Mwendo wa masafa marefu wa kwanza nimeshindwa kumaliza. Wiki mbili zijazo kuna mwengine, na mzigo mgongoni. Nikishindwa tena narudishwa."

"Mbele kiatu kinakubana?"

"Hakinibani."

"Na kisigino? Ukitembea kinapanda na kushuka?"

"Ndiyo, Bibi. Soksi hizi za nailoni zinaniunguza, na kiatu kinanisaga."

Lile neno lilinikalisha chini. Niliwaona wale wasichana wawili mbele ya meza yangu kama vile wameingia mlangoni saa ile.

"Nisikilize," nikamwambia. "Leo hii nenda zahanati ya chuo."

"Wataniandika mgonjwa. Wataniona dhaifu."

"Na wakuandike. Usaha si wa kuficha. Kuhusu kurudi, mimi sikuamulii. Ukitaka kurudi chumba chako kipo, na hutoniona nikikuuliza neno. Lakini usirudishwe na kiatu. Jumapili ijayo si siku ya wageni? Nisubiri."

Nilimpigia Makame nikamueleza. Nilidhani atafurahi, atasema basi arudi. Aliuliza tu, "Usaha mwingi?"

Wiki ile nilifungua sanduku la zana zangu. Nilichukua viatu vya skuli vya Asya, nikatazama ndani mguu wake ulivyokanyaga na kuacha alama, nikapima. Nikakata ngozi laini ya mbuzi na kitambaa kizito cha sufu, nikashona vipande viwili vya kukaa nyuma ya kisigino ili kiatu kimshike. Macho hayakuwa yale ya zamani. Kazi ya asubuhi moja ilinichukua siku tatu, na mara mbili nilijiambia fumua, nikafumua.

Siku ya safari nilimkuta Makame bandarini, kasimama karibu na lango la boti na mfuko mkononi. Ndani mlikuwa na jozi sita za soksi za pamba.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Si ulisema mwenyewe, soksi za nailoni zinamuunguza. Mpe. Usimwambie nani kampa."

"Nitamwambia."

Alinishika mkono mpaka kwenye ngazi ya boti.

Nilivuka, nikapanda basi, nikafika. Asya alikuja akichechemea, kakonda, uso mweusi kwa jua, na kidogo nisimjue. Nilimkumbatia. Nilipotoa vile vipande vya ngozi, sajini aliyekuwa akisimamia wageni alivichukua akavipeleka kwa Mkufunzi Mkuu, na haukupita muda nikaitwa ofisini kwake. Alikuwa kapteni, kijana kwa miaka yangu, mnyoofu, mwenye adabu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, kifaa kisichotolewa na chuo hakiingii kwenye buti la kadeti. Nikimruhusu mmoja nitawaruhusu wote. Samahani sana."

Mdomo wangu ulikuwa ushaanza kutamka sawa, bwana. Nilihisi neno lile liko ulimini. Nikalimeza.

"Afande," nikasema, "mimi nimeshona mabuti ya askari wanawake. Tuliyashona juu ya kalibu za wanaume. Walikuja wakanionesha visigino vyao vinatoka damu, nikaambiwa wavae soksi mbili, nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka nimestaafu. Leo siwezi. Huyu binti akishindwa kwa moyo wake au kwa akili yake, mrudisheni. Lakini tazameni mguu wake kwanza."

Kapteni alikigeuzageuza kile kipande cha ngozi, akapitisha kidole gumba juu ya mshono. Kisha akamwita mganga wa zahanati. Yule mganga alisema kidonda anakijua, amekisafisha mwenyewe wiki hii, na dawa anazitumia; tena akasema kifaa kama kile akikiandikia yeye kinahesabika kuwa matibabu. Kapteni akamwambia, "Basi andika." Akanigeukia. "Bibi, una haraka ya basi?"

Sikuwa na haraka. Aliwaita kadeti wa kike wote waliokuwepo, wakaja wakakaa juu ya majani na kuvua mabuti. Nilikaa kwenye kibao, nikaweka mguu mmoja mmoja mapajani kwangu. Niliwaonesha namna ya kufunga: kamba isikazwe vidoleni, ikazwe pale mguu unapokunjika, ipigwe fundo papo hapo, ndipo ipandishwe juu, ili kisigino kikae chini kisicheze. Wengine walikuwa na vidonda, wengine sugu. Msichana mmoja mrefu alianza kutokwa na machozi mara tu nilipomshika mguu, na si kwa maumivu. Nilimuuliza kama ana mama. Akasema anaye, ila yuko mbali. Nikaendelea kumshika.

Nilipoagana na Asya nilimpa soksi. "Za baba yako," nikamwambia. Alizikumbatia kifuani, akarudi bwenini bila ya kugeuka nyuma, maana kadeti haruhusiwi kuonekana akilia.

Baada ya ule mwendo wa pili alinipigia. Sauti ilikuwa imekauka.

"Nimefika, Bibi."

"Alhamdulillahi! Umekuwa wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Alaa!"

"Wa tatu kutoka nyuma."

Tulicheka mpaka muda wake wa simu ukamalizika. Nilipompigia Makame sikuwahi hata kutoa salamu. "Kafika?" aliniuliza.

Siku ya kamisheni, yaani siku ya kuvishwa nyota, tulikwenda pamoja. Makame alivaa kanzu yake nyeupe, kofia ya kushonwa kwa mkono na koti. Tulikaa jukwaani na wazazi wengine, tukaangalia gwaride likipita mbele yetu, na mimi sikuwatazama watu nyuso. Nilitazama visigino, safu baada ya safu, vikishuka ardhini kwa pamoja. Shughuli ilipokwisha familia ziliruhusiwa kushuka uwanjani. Asya alitukuta katikati ya watu, nyota begani. Alisimama hatua tatu mbele ya baba yake, akabana miguu, akapiga saluti.

Makame aliutazama ule mkono ulioinuliwa, akanitazama mimi, akautazama tena.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu." Kisha akavua kofia akajifunika nayo uso.

Sasa Luteni Asya ana kikosi chake bara, na ana watu chini yake, wengine wamemzidi umri. Mimi nina miaka sitini na tisa. Uzi siwezi tena kuutia sindanoni bila ya kumwita jirani. Vijana wa siku hizi wakinijia kutaka kujua habari za kazi, huwaeleza kalibu na msharasi, kisha huwaeleza na lile la Meneja, kwa sababu najua na wao watafika mahali kama pale, mbele ya meza ya mkubwa asiyeinua kichwa. Sikuwa na ujasiri nikiwa na mshahara. Niliupata nikiwa na pensheni, na bado nauonea haya uchelewaji wake.

Mwezi uliopita Asya alikuja likizo. Alikula wali wa nazi na samaki changu sahani mbili, akasema anajinyoosha kidogo tu, akalala kwenye mkeka pale pale ukumbini, anakoroma kama baharia. Miguu ilikuwa nje ya shuka. Kovu la kisigino cha kushoto limekuwa jeupe, linang'aa, na halitoondoka. Nilichuchumaa nikalipapasa taratibu, naye akauvuta mguu usingizini kama alivyokuwa akifanya utotoni. Nikamfunika kanga miguuni, nikarudi jikoni kuosha vyombo polepole, visimuamshe.