Usipovuta Sauti, Utavuta Miguu

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani, juu kidogo ya Soni, nikamkuta mpwa wangu amesimama ukingoni mwa shamba, simu sikioni. Alikuwa akizungumza na mwenzake aliyekuwa akipalilia kabichi mlima wa pili, mtu tuliyemwona kwa macho yetu, hata rangi ya kofia yake. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kijana hakuelewa ninacheka nini, wala sikumlaumu. Wewe wa rika langu utanielewa.

Sisi tulikua tukiitana. Kwetu nyumba zimekaa migongoni mwa milima, na kati ya mgongo na mgongo kuna bonde la kushuka nusu saa na kupanda saa nzima. Bibi yangu akitaka kujua kama jirani wa ng'ambo atakwenda gulioni, hakutuma mtu, alituma sauti. Nayo ina ufundi wake. Hupigi kelele. Unalitaja jina, unaivuta irabu ya mwisho mpaka ipande, halafu unanyamaza. Ukishaitikiwa ndipo unasema haja yako, kwa maneno machache. Bibi alinifundisha nikiwa bado nachunga mbuzi. "Usipovuta sauti," alikuwa akisema, "utavuta miguu."

Sauti hiyo ndiyo iliyoniponza shuleni. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Ujamaa, na mwalimu wetu alikuwa akikiandaa kikundi cha vijana kwenda kwenye kambi kubwa huko tambarare, upande wa Muheza. Alitupanga mistari tuimbe, akapita akitega sikio, akasimama mbele yangu. "Wewe utafungua mdomo tu," akaniambia. "Sauti iache nyumbani." Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na sitakuficha, iliniuma.

Asubuhi ya safari jirani yetu alimleta kitindamimba wake, mdogo kuliko wote kikundini, akauweka mkono wake ndani ya mkono wangu. "Uende naye, urudi naye," akasema, basi. Alijua mimi ndiye niliyemzoea. Tulipanda basi tukiwa na viazi vya kuchemsha ndani ya majani ya mgomba, na kila mmoja amevaa sweta, kwa sababu kwetu asubuhi ni baridi na hakuna aliyefikiri kwamba kwingine si hivyo. Kwenye zile kona za kuteremkia Mombo nusu yetu walitapika na nusu waliimba kwa nguvu ili wasiwasikie. Baada ya Mombo masweta yakageuka adhabu.

Kambini kulikuwa na mahema mengi kuliko nyumba za kijiji chetu, na ardhi ilikuwa sawa kabisa, hata hujui utazame wapi ujue uko wapi. Siku tatu tulichimba msingi wa zahanati, tukala ugali na dagaa, tukapiga gwaride. Kikundi chetu kiliimba na kupigiwa makofi mengi. Mimi nilifungua mdomo kama nilivyoagizwa.

Siku ya kuondoka mahema yalishushwa, kipaza sauti kikafunguliwa na kupakiwa. Mabasi yalijipanga mstari mrefu kwenye vumbi, yote yakipiga honi. Mwalimu akatuhesabu. Mmoja hayupo. Akahesabu tena, nami nikawa nimeshajua ni nani, maana mkono wangu ulikuwa mtupu. Nilikuwa nimemwachia kidogo tu nifunge mzigo.

Mwalimu alikimbia upande mmoja, dereva akakimbia upande wa pili, wakiuliza. Watoto waliovaa skafu ya kambi kama yake walikuwa mamia, nani amtambue mmoja? Basi la mwanzo likaanza kuondoka. Nilimfikiria mama yake, nikaingiwa na hofu ambayo sijaipata tena mpaka nilipozaa wangu. Nikakwea ngazi ya nyuma ya basi letu, nikasimama juu ya mizigo, nikaita.

Nililiita jina lake nikalivuta, nikanyamaza. Honi zilizidi. Nikavuta mara ya pili, ndefu zaidi, na safari hii honi zikakatika moja moja, maana watu walikuwa wakitafuta inatoka wapi. Katika kimya hicho, mbali kabisa mwishoni mwa mstari, kikajibu kisauti chembamba, kimevutwa vilevile kama kwetu.

Alikuwa ndani ya basi la Pangani, injini inanguruma. Msimamizi wao alimwona chini akamwambia, "Panda mtoto, keti." Naye kwa adabu aliyolelewa nayo alisema shikamoo, akapanda, akaketi. Kumbishia mtu mzima hakufundishwa.

"Huyu tumfunge mbele ya gari," dereva akasema tulipoondoka, "honi niiuze." Basi zima lilicheka. Mwalimu hakucheka. Tulipofika Mombo aligeuka akaniambia, "Wimbo unaofuata, anzisha wewe." Nikaanzisha. Ndugu yangu, nimepata vyeti baadaye maishani, lakini sijawahi kujivunia kitu kama zile kona nilizopanda nikiimba.

Tulifika jua limezama, ukungu umejaa bondeni, huoni hata mti. Kutoka barabarani nilimwita mama yake, nikamwambia nimerudi naye. Akaitikia. Kisha akaitikia mwingine juu yake, na mwingine mgongo wa tatu, wanawake ambao hatukuwaona, kila mmoja akiipokea habari na kuipeleka mbele, mpaka mlima mzima ukajua kwamba watoto wamerudi.

Bibi hayupo sasa, wala jirani yule. Kabla sijaondoka Desemba ile nilitoka peke yangu asubuhi, nikaita ng'ambo, jina lolote. Kifua changu bado ni kizima. Niliisikia sauti ikifika. Yule kijana wa kabichi aliinua kichwa, akatazama huku na huku, akaendelea kupalilia. Hakujua kwamba ukisikia hivyo, unatakiwa kuitika.