Koleo la Mama Kamau

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa hata kugusa nyama. Ilikuwa soko la Kariokor, Nairobi, miaka ya sabini ikianza, nami niliajiriwa kuzoa majivu. Mchomaji mkuu, mzee mfupi mwenye aproni nyeupe, alinipa ndoo akasema nikimaliza nikae nitazame. Nilinuna kweli kweli. Sikuwa nimekuja mjini kutazama.

Lakini nilitazama. Mteja alichagua mbavu au paja pale buchari, nyama ikapimwa, ikaletwa kwetu. Chumvi tuliikoroga kwenye maji, tukainyunyiza nyama ilipoanza kutoa jasho. "Ngoja makaa yavae jivu," mchomaji mkuu alizoea kusema. "Moto wenye ndimi unababua nje na kuacha damu ndani." Kila jioni nilimsimulia mke wangu, Njeri, yote niliyojifunza. Aliosha vyombo akiitikia "mm" tu, nami nikadhani hanisikii.

Baadaye nilihamia baa moja kule Makadara, mchomaji kamili chini ya meneja aliyejua bia kuliko nyama. Huko ndiko kifua kikuu kiliponishika. Nilianza kwa kutoa jasho usiku, kisha nikaona damu kwenye leso. Nililazwa miezi mingi, nikadungwa sindano hadi kuketi kukawa shida. Daktari aliponiruhusu alisema nimepona, siwezi kumwambukiza mtu, ila nisirudi tena kwenye moshi.

Mimi mkaidi. Sikujua kazi nyingine, na nilitaka pangu mwenyewe. Tulipohamia mtaa wa Umoja nilijenga banda la mabati kando ya nyumba, nikapasua pipa katikati likawa jiko, nikaweka wavu wa chuma juu yake na mabenchi mbele. Watu walikuja. Tatizo ni kwamba nilikohoa, na wateja wakatazamana, wengine wakaacha nyama ubaoni. Jumamosi moja pumzi ilinikwama kabisa. Njeri alininyang'anya koleo akasema, "Baba Kamau, keti."

Niliketi. Toka siku ile alichoma yeye, nami nikabaki kwenye mizani. Wateja wetu wengi walikuwa Wakikuyu kama sisi, na kwetu kuchoma mbuzi ni kazi ya wanaume. Wazee waliondoka kimyakimya. Vijana hawakuficha. "Buda, siku hizi ni mathe anachoma?" mmoja aliniuliza akicheka. "Basi sisi tutakula chapo," yaani chapati, mapishi ya akina mama.

Jioni baada ya jioni tuligeuza nyama isiyonunuliwa kuwa supu ya watoto. Niliogopa. Tukifunga, ningerudi kuajiriwa motoni, na kifua changu kisingevumilia mara ya pili. Njeri alilijua hilo, akaendelea kuwasha makaa.

Ndipo mchomaji mkuu wa Kariokor, amestaafu sasa, akaja kunijulia hali. Aliagiza mbavu. Akala kipande kimoja, akala kingine, kisha akauliza nani amechoma. Nikamwonyesha.

"Nani alikufundisha, mama?"

"Ni wewe, mzee," Njeri akajibu, akimgeuzia nyama. "Huyu alikuwa akirudi nyumbani na maneno yako yote."

Mzee alicheka hadi akafuta machozi. Akabeba kiti chake, akakiweka kando ya jiko barabarani wanapopita watu, akala pale polepole mchana mzima. Waliomfahamu kutoka Kariokor walisimama kumsalimu, naye akawakatia vipande. Jumamosi iliyofuata alirudi, na nyingine pia. Kufikia Krismasi mabenchi hayakutosha. Mbele niliandika jina langu kwa rangi nyekundu, lakini mtaa mzima ulipaita Kwa Mama Kamau. Niliudhika kidogo, sitadanganya, kisha nikazoea.

Tulichoma pale miaka mingi hadi watoto wakasoma wakaondoka. Ninyi mnaoanza kazi hii leo mkiniuliza siri, nitawaambia habari za makaa na chumvi, na zote ni kweli. Lakini moshi haukuisha eti kwa sababu mimi niliukimbia; ulimhamia aliyeshika koleo. Macho ya Njeri yameharibika, sasa anaona vivuli tu. Juzi nilimuuliza kama hajutii siku aliponinyang'anya lile koleo.

"Nijutie nini?" akasema. "Si bado nakusikia ukipumua?"